Mahakama za Shuka Nyeupe

London

Mahakama nyingi hupandiwa ngazi. Ya kwanza katika safari yangu inashukiwa. Iko chini ya kanisa la St Mary-le-Bow, mtaa wa Cheapside, katikati ya benki na maduka ya suti. Kanisa la juu lilijengwa upya na Christopher Wren baada ya moto wa 1666, likapigwa mabomu mwaka 1941, likasimamishwa tena. Kengele zake zina sifa kubwa: wenyeji husema aliyezaliwa mahali zinaposikika ndiye mwana wa London hasa. Mimi niliteremka moja kwa moja kwenye chumba cha mawe cha karne ya 11, kilichonusurika moto na mabomu pia. Matao yake mazito ndiyo yaliyolipa kanisa jina, kisha yakaipa jina mahakama iliyokaa hapa kwa karne nyingi: Mahakama ya Matao, mahakama ya rufaa ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Jaji wake mpaka leo huitwa Mkuu wa Matao.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, mfalme William aliamuru mambo ya roho yasisikilizwe tena katika mabaraza ya kawaida, yapelekwe kwa maaskofu. Kutokana na amri hiyo, kwa karibu miaka 800, Mwingereza aliyetaka kuthibitisha wosia wa baba yake, kudai ndoa iliyokanwa, au kusafisha jina lililochafuliwa kisimani, alikwenda kanisani na wala si kwa hakimu wa mfalme. Huko huko aliitwa aliyezini, aliyelewa wakati wa ibada, aliyefanya kazi Jumapili, na mkulima aliyeficha zaka ya ngano. Arkidikoni, padri anayesimamia parokia za eneo zima, alikuwa na baraza lake. Askofu alikuwa na baraza lililoitwa konsistori, na askofu mkuu lake juu ya yote. Lakini mahakama hizi hazikuruhusiwa kumwaga damu. Silaha zao zilikuwa mbili tu, aibu na kutengwa, nami nilitaka kuona kwa macho vyumba ambamo silaha hizo zilitumika.

Watu wa mabaraza hayo walikuwa na msamiati wao. Tarishi aliyepeleka wito aliitwa apparita. Wakili aliyesimamia shauri alikuwa prokta, na hati ya madai aliyoifungua iliitwa libeli. Shauri la jirani dhidi ya jirani lilikuwa shauri la ombi. Lile alilolianzisha hakimu mwenyewe, kwa uvumi tu kwamba fulani anaishi na fulani bila ndoa, lilikuwa shauri la ofisi. Mtu wa shauri la ofisi aliweza kutakiwa aape kwamba atajibu ukweli kabla hajaambiwa anashtakiwa nini. Aliyekana aliweza kuagizwa alete majirani kadhaa waape pamoja naye kwamba wanamwamini. Asiyekuwa na majirani wa kumwapia alikuwa amekwisha hukumiwa.

Kutoka Cheapside nilitembea kuelekea mtoni, nikilizunguka kanisa la St Paul's, hadi Queen Victoria Street. Hapo palikuwa na Doctors' Commons, nyumba ya madaktari wa sheria kutoka Oxford na Cambridge, wasomi wa sheria ya Kirumi. Jengo lilibomolewa mwaka 1867, limebaki bango ukutani. Charles Dickens alifanya kazi humo akiwa kijana, akiandika mwenendo wa mashauri kwa hati mkato, na baadaye akamtuma David Copperfield wake kujifunza uprokta humo humo. Madaktari hao walishika kanisa kwa mkono mmoja na bahari kwa mkono mwingine: asubuhi talaka, mchana meli iliyozama. Nikiwa mtu wa pwani nilisimama sana mbele ya bango lile. Sheria ile ile ya bahari ndiyo iliyompa konseli wa Uingereza pale Unguja mamlaka ya kuhukumu majahazi yaliyokamatwa yakiwa na watumwa ndani yake.

Coventry

Coventry sikuja kwa sababu ya magofu ya kanisa kuu lililounguzwa mwaka 1940, ingawa nililia humo. Nilikuja kumwona shangazi yangu, aliyehamia huko zamani, na kwa ajili ya kaburi moja ambalo sikulikaribia, kwa heshima ya wenyewe.

Hadithi yake ni hii. Familia moja yenye asili ya Ireland iliomba kuweka juu ya kaburi la mama yao maneno ya Kiayalandi, yenye maana kwamba yumo mioyoni mwao daima. Uwanja wa makaburi ni wa kanisa, na kwenye uwanja wa kanisa huchomeki jiwe bila kibali cha konsistori. Ndiyo, konsistori zingali hai. Kila dayosisi ya Kanisa la Uingereza ina yake, jaji wake kwa kawaida huitwa kansela, na kazi yake kubwa siku hizi ni vibali vya kuondoa mabenchi ya zamani, kuhamisha madirisha, kuandika mawe ya makaburi. Mwaka 2020 kansela wa Coventry alisema maneno yale yasiwekwe bila tafsiri ya Kiingereza, kwani bila hiyo yangeweza kudhaniwa kuwa kauli ya kisiasa. Watoto wakakata rufaa. Mwaka 2021 Mahakama ya Matao, ile ile ya kule chini ya Cheapside, ikatengua uamuzi na kuwaruhusu wamwandike mama yao kwa lugha yake.

Nilimsimulia shangazi wakati tunakula wali wa nazi na samaki wa kupaka, dirisha likiwa limefungwa kwa baridi na nyumba nzima inanukia Tanga.

"Wewe je, shangazi, ungependa iandikwe nini?"

"Jina langu na jina la baba yangu, mwanangu. Halafu 'Pumzika'."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa lugha gani nyingine? Wajukuu wasipoelewa watauliza. Si ndiyo njia ya kuwafanya waulize?"

Stratford-upon-Avon

Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, mabata maji weupe wamejazana ukingoni mwa mto Avon, na foleni ya watalii ilikuwa ikiingia kanisa la Holy Trinity kuona kaburi la Shakespeare. Wengi hufika hadi madhabahuni, hupiga picha, huondoka. Mimi nilikaa kwenye benchi kwa sababu kanisa hili lenyewe lilikuwa mahakama.

Padri wa Stratford alikuwa na haki ya pekee ya kuendesha baraza lake mwenyewe, na vitabu viwili vya baraza hilo vimesalia. Vilikaa bila kutazamwa katika jumba la Knole, Kent, mpaka karne ya 20. Ndani yake wamo watu wa mji mzima: wavuvi wa Jumapili, wauza nyama, wachumba wasio na subira. Wenyeji wa karne zile waliliita baraza la uchafu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa mambo ya kitandani.

Tarehe 26 Machi 1616 aliitwa humo Thomas Quiney. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo alikuwa amemwoa Judith, binti ya Shakespeare, katika kipindi ambacho kanisa halikuruhusu ndoa bila kibali maalumu. Kibali hakuwa nacho, wito wa konsistori ya Worcester hakuuitikia, akatengwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwanamke mwingine wa mji, Margaret Wheeler, alikuwa amefariki katika uzazi pamoja na mtoto wake, wakazikwa tarehe 15 Machi. Mbele ya baraza Quiney alikiri kwamba mtoto alikuwa wake. Hukumu: asimame kanisani Jumapili tatu, mbele ya waumini wote, amejifunika shuka nyeupe.

Shuka hiyo ndiyo niliyoifuata katika safari hii. Mtubu alivikwa mwili mzima, mara nyingi bila viatu, fimbo nyeupe mkononi. Aliingizwa watu wakiwa wamekwisha kukaa, akapandishwa mahali pa kuonekana, na mwisho wa mahubiri akakariri kosa lake kwa sauti, kwa maneno aliyoandikiwa na karani wa mahakama. Watu aliowakariria ndio wale wale aliokwenda nao sokoni Jumatatu.

Quiney hakuivaa. Adhabu ilibadilishwa kuwa shilingi tano kwa maskini wa parokia na kukiri kosa lake, akiwa na nguo zake za kawaida, mbele ya padri wa kijiji cha Bishopton. Mwenye shilingi alinunua aibu yake. Mtumishi wa ndani aliyepata mimba hakuwa na cha kununulia. Siku moja kabla ya kikao kile Shakespeare alibadilisha wosia wake, na fungu la Judith likawekewa masharti ya kumzuia mume asilishike kirahisi. Mwezi haukwisha, akafa.

Nimekulia kanisani, najua mtu aliyetengwa anavyoonekana. Katika makanisa mengi ya kwetu, ya Kilutheri na mengineyo, msichana aliyepata mimba bila ndoa alitengwa meza ya Bwana, akakaa nje ya ushirika miezi kadhaa, kisha akasimamishwa mbele ya usharika ili arudishwe kundini. Mvulana, mara nyingi, alikuwa amekwisha hamia mjini. Wamisionari ndio waliotuletea nidhamu ile, na mizizi yake imo katika desturi hizi za Ulaya za kuponya roho kwa macho ya watu. Pale kwenye benchi la Holy Trinity nilimfikiria Margaret Wheeler. Hakusubiri hata kuitwa.

Worcester

Kutoka Stratford barabara inapita mashamba ya pea na tufaha. Nembo ya mji wa Worcester ina pea tatu nyeusi, tunda gumu linaloliwa likiisha kupikwa. Nilipakuliwa pamoja na malai kwenye hoteli ndogo karibu na mto Severn. Ni tamu kwa namna ya polepole. Kanisa kuu linasimama juu ya mto ule, na ndani yake amelala mfalme John.

Mwezi Julai 1613 binti mwingine wa Shakespeare, Susanna, mke wa daktari John Hall, alifungua shauri la kashfa katika konsistori ya hapa. Kijana mmoja wa Stratford, John Lane, alikuwa amesema mbele za watu kwamba Susanna ana ugonjwa wa aibu na amelala na Rafe Smith. Susanna hakunyamaza. Alimpeleka kwa askofu, akaleta shahidi, Robert Whatcott, na Lane alipokosa kutokea akatengwa.

Hapa ndipo mahakama hizi ziliponigeukia sura nyingine. Chini ya sheria ya mfalme, mwanamke aliyeolewa hakuweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Mume ndiye aliyekuwa mbele. Konsistori ilimkubali asimame kwa jina lake, kwa heshima yake, na hukumu akaipokea yeye. Hakulipwa fidia, kwani kanisa halikutoa fidia. Alichoweza kupata mshindi ni mkosaji kuamriwa afute maneno yake hadharani, na gharama za shauri. Kwa mwanamke wa kijiji, ambaye jina lake ndilo mtaji wa kupata kazi, mkopo na mume, hilo lilikuwa na uzito kuliko sarafu. Katika karne ya 17 wanawake walimiminika kwenye konsistori za Uingereza kwa mashauri ya kashfa, hata wakawazidi wanaume.

Chester

Chester imezungukwa na ukuta unaoweza kutembea juu yake mji mzima. Madukani watu hupita ghorofani, kwenye vibaraza vya mbao vilivyofunikwa, viitwavyo Rows, mvua ikinyesha mtaani chini yao. Kanisa kuu ni la jiwe jekundu, zamani lilikuwa monasteri ya Wabenedikto, na likawa makao ya askofu mwaka 1541 kwa amri ya Henry VIII. Nilinunua jibini la Cheshire lenye kumomonyoka na mkate, nikala uani, kisha nikaingia kwa moyo unaodunda. Maana Chester ndiko kulikobaki chumba chenyewe.

Kipo chini ya mnara wa kusini magharibi, upande wa kulia ukiingia kwa mlango wa magharibi. Samani zake ni za mwaka 1636, na hakuna konsistori nyingine ya zamani hivyo iliyosalia nzima Uingereza. Ni kizimba kikubwa cha mwaloni mweusi. Katikati ipo meza kubwa, na kuizunguka, kwa ndani, mabenchi ya makarani na maprokta. Juu ya meza, upande mmoja, kiti cha kansela chenye kifuniko kilichochongwa, kimeinuliwa ili asimtazame mtu kwa kupandisha macho. Na pembeni kabisa, juu ya kona ya kizimba, kuna kiti kimoja kidogo kilichoning'inia peke yake. Ndicho cha apparita.

Nilikaa kwenye kizimba nikikitazama kiti hicho muda mrefu kuliko cha kansela. Apparita alikuwa tarishi, mtu wa chini katika baraza lote, lakini watu walimwogopa kuliko hakimu. Yeye ndiye aliyezunguka vijijini akisikiliza nani analala kwa nani, na riziki yake ilitokana na ada ya kila wito. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimweka mmoja katika hadithi zake za Canterbury, anamtoza mjane mzee kwa kosa la kubuni, na shetani anamchukua. Kila jamii iliyowahi kulipa watu kwa kusikiliza milango ya wenzao imemfahamu bwana huyu. Hapa wamemjengea kiti cha mwaloni, mahali pa juu, aone mashahidi na watazamaji wote kwa pamoja.

Kabla ya samani hizi, konsistori ya Chester ilikaa katika kikanisa cha Bibi Maria, nyuma ya madhabahu. Mwaka 1555, wakati wa malkia Mary, alihukumiwa humo George Marsh, mkulima wa Lancashire aliyekuwa mhubiri wa Kiprotestanti. Askofu hakuweza kumuua. Alimkabidhi kwa maofisa wa mji, naye akachomwa moto tarehe 24 Aprili huko Boughton, nje ya ukuta. Nilikwenda mpaka Boughton kwa miguu, barabara ya kawaida yenye magari, kumbukumbu yake ipo pembeni, mto Dee chini. Nilisema kwamba mahakama hizi hazikuruhusiwa kumwaga damu. Boughton inaonyesha kwamba zilijua mlango wa kubisha.

York

Treni inavuka milima na kuteremka kwenye bonde la York, na mnara wa kanisa kuu, Minster, unaonekana kabla ya mji. Nilizunguka humo asubuhi moja nzima, shingo juu, nikitazama vioo vya rangi vya enzi ambazo wengi walisoma Biblia kwa macho ya picha tu. Mchana nilikula parkin, keki nzito ya oti na tangawizi, nikapanda basi kwenda Chuo Kikuu, kwenye hazina ya nyaraka iitwayo Borthwick.

Zimehifadhiwa humo hati za mashauri zaidi ya 14,000 za mahakama za kanisa za York, kuanzia 1300 hadi 1858. Huingii na kalamu ya wino, penseli tu. Mkunjo wa kwanza ukifunguliwa unakuta Kilatini cha mahakama, mistari ya desturi inayojirudia. Halafu karani anafika kwenye ushahidi, na kuanzia karne ya 16 anaacha Kilatini na kuandika Kiingereza, kwa sababu anaandika mtu alivyosema. Jina, umri, parokia, amewajua wahusika kwa muda gani, kisha: nilikuwa nakamua, nilikuwa kwenye ngazi, nilisikia kwa dirisha. Mjane, mtumishi, mke wa fundi viatu. Watu ambao hakuna mwanahistoria wa mfalme aliyewahi kuwauliza lolote.

Ndoa ndiyo iliyonishika zaidi. Kabla ya sheria iliyoanza kazi mwaka 1754, mwanamume na mwanamke waliweza kufunga ndoa halali popote, jikoni, chini ya mti, bila padri. Kilichohitajika ni maneno. Wakisema kwa wakati uliopo, "nakuoa" na "naolewa nawe", wamekwisha funganishwa hapo hapo. Wakisema "nitakuoa", ni ahadi tu, lakini wakilala pamoja baada yake inageuka ndoa. Kwa hiyo shahidi mbele ya konsistori aliulizwa hasa: alisema "na" au "nita"? Maisha ya mwanamke, na uhalali wa mtoto tumboni, vilining'inia kwenye sikio la jirani. Katika mashauri mengine, kama lile la mwaka 1433 la mke aliyedai mume wake hamudu ndoa, mahakama iliwatuma wanawake wakamchunguze mume, na neno lao ndilo lililopokelewa.

Sikuondoka York nikizipenda mahakama hizi. Zilichungulia vitandani, zilikula ada za maskini, na aliyetengwa muda wa siku 40 bila kutii aliweza kufungwa gerezani kwa hati ya mfalme. Parlamenti ilipunguza makali hayo mwaka 1813. Mwaka 1855 ilizinyang'anya mashauri ya kashfa, na kuanzia Januari 1858 wosia na ndoa vikahamia mahakama za serikali. Wapenda maendeleo walishangilia, na walikuwa na sababu.

Lakini mtafiti aliyekaa meza ya pili aliniambia niufuate uzi huo hadi mwisho, nami nimeufuata. Mahakama mpya ya talaka iliwekwa London tu. Mke wa fundi viatu wa York, ambaye bibi yake alitembea kwa miguu hadi Minster kudai ndoa yake, sasa alihitaji nauli, malazi na wakili wa mji mkuu. Na aliyeitwa malaya hadharani baada ya 1855 alikuta sheria ya serikali inamtaka kwanza athibitishe amepata hasara ya fedha, laa sivyo hana shauri. Jina pekee halikuhesabiwa kuwa mali. Hali hiyo ilidumu mpaka Parlamenti ilipopitisha sheria ya kashfa dhidi ya wanawake mwaka 1891. Kwa miaka 36, kile ambacho Susanna Hall alikipata Worcester ndani ya mwezi mmoja, mwanamke maskini wa Uingereza hakuwa na mlango wa kukiombea.